Usikunje Nne

Karatasi ya Mwanza nimeibandika ukutani
juu ya kalenda ya duka la mbolea:
usiiname, usichuchumae,
usigeuke ghafla kama mtu aliyeitwa na mdai,
na usikunje nne.

Miezi mitatu.
Mimi niliyekunja nne kwenye vikao vya posa,
nikakunja nne kando ya mizani ya asali
nikingoja mnunuzi achoke yeye kwanza,
leo sina nne ya kukunja,
nimepewa minne ya kutembelea:
fremu nyepesi kama tenga la kuku,
tok, tok,
kitandani hadi mlangoni hatua kumi na moja.
Juzi zilikuwa kumi na sita.
Chumba ni kile kile.

Nyonga imelika, alisema daktari.
Nikacheka peke yangu.
Miaka thelathini na moja nimenyonga baiskeli
Sikonge hadi sokoni Tabora,
madumu mawili nyuma, moja ubavuni,
mchanga ukishika tairi na kukataa kuachia.
Nilinyonga, nyonga ikanyongeka,
na mnyonge akawa mimi.

Baiskeli yenyewe iko uani,
imeegemea ukuta wa jiko, upepo umeisha.
Gololi zake nilibadilisha mara nne kwa mkono wangu,
grisi hadi kwenye viwiko,
nisijue kuwa mwendeshaji naye ana gololi yake,
na siku moja atalazwa chali
mafundi wamsimamie na nyundo.
Mnyororo wake umeshika kutu.
Mimi, wameniapia, sitashika.

Akaja mtani wangu Pazi, Mzaramo asiye na haya,
kabeba mzani wa vyuma chakavu begani.
"Mnyamwezi, huo mguu wa kushoto nakupa bei nzuri.
Wa kulia baki nao, hauna soko."
Nilicheka hadi mshono ukanifokea.
Alipoondoka nikakuta chini ya mto
elfu ishirini, imekunjwa mara nyingi,
ndogo kama hirizi.

Usiku mto mwingine unalala katikati ya mapaja yangu
kama kitinda mimba aliyegoma kuhamia kwa bibi yake.
Kalunde amesogezwa ukutani.
Nalala chali, nahesabu boriti.
Yale maumivu ya zamani, ya ndani,
yaliyokuwa yakiniamsha kabla ya jogoo, hayapo.
Nayatafuta kwa ulimi wa akili
kama pengo la jino.
Treni ya Kigoma inapiga honi stesheni, imechelewa.
Sina wa kumwambia.

Asubuhi ni soksi.
Ndefu, za kubana, nyeupe kama za mwanafunzi,
na miguu yangu iko mbali kuliko Inyonga.
Kalunde hupiga magoti.
Miaka arobaini amepiga magoti mbele yangu
kwa salamu, kwa maji ya kunawa,
nami nikiitikia huku natazama barabara.
Leo sina pa kutazama.
Nikauona utosi wake:
mvi zimeuzunguka kama majivu pembeni mwa figa,
na katikati, upara mdogo wa mviringo,
mahali pa kata, pa ndoo,
pa maji yote niliyowahi kuoga.

Akamaliza. Akashika ukingo wa kitanda kuinuka.
Hakuinuka.
Akavuta pumzi, akaweka kiganja kiunoni,
pale pale, upande ule ule,
akapanda kwa vituo viwili.

"Tangu lini?"
"Tangu mwaka ule tumbaku iliponyeshewa."
"Mbona hukusema?"
Akaviringisha soksi chafu. "Ulikuwa safarini."

Nikamwambia kaa.
Akakaa kwenye kiti changu, kile cha mninga
fundi Sizya alichokiongezea miguu,
nyayo zake zikaning'inia, akaona aibu, akazikunja nne.
"Zikunjue," nikasema.

Tok, tok. Hatua kumi na moja.
Nikafika mlangoni nikamwita Nyamizi:
ile baiskeli, iulizie bei.
Akasema, baba, haitafika popote, labda nauli ya kwenda.
Basi ya kwenda.
Ya kurudi tutaijua huko huko.